Uko Nairobi, mwajiri yuko Marekani: ushuru unalipia wapi na unalipaje

Kila mwaka ikikaribia Juni naulizwa swali moja na watu tofauti. Mtu anafanya kazi onlaini akiwa Roysambu ama Rongai, kampuni iko Marekani, pesa inaingia kwa dola kila mwisho wa mwezi, na hajui kama anafaa kulipa ushuru huku, ama kule, ama kote kuwili. Akigugo anapata kurasa za Wamarekani zinaongea mambo ya majimbo, sijui New York inataka hivi, Texas haitaki kitu, New Jersey inarudisha vile, anamaliza kusoma kichwa kinamuuma na bado hajajua afanye nini.

Basi shika hili kwanza na mengine yote yatajipanga nyuma yake: ushuru wa jasho lako unafuata kiti ulichokalia ukifanya kazi, na nyumba unayoishi. Kama kiti kiko Kasarani basi KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ndio wenyewe, hata kama bosi yuko Boston na pesa imepitia benki za nchi tatu kabla ikufikie. Sheria ya Ushuru wa Mapato, ile Sura ya 470, inasema mkaazi wa Kenya analipa ushuru wa ajira aliyoifanyia ndani ya Kenya ama nje. Na mkaazi ni nani? Kama una makao ya kudumu hapa na ulikuwa nchini hata siku chache tu mwaka huo, wewe ni mkaazi. Kama huna makao ya kudumu, ni siku 183 ama zaidi ndani ya mwaka, ama wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka ukihesabu mwaka huo na miwili iliyotangulia. Wengi wetu hatuhitaji hata kuhesabu siku, tunaishi hapa, tumemaliza.

Nasema hivi kwa uchungu juu miaka yangu miwili ya kwanza nilifaili ritani ya sufuri, yaani nilijaza kwamba sikupata kitu. Kuna jamaa niliyemwamini aliniambia pesa ya ng'ambo haihusu KRA, nami nikakubali kwa sababu ndilo jibu nililolitaka. Nilikuja kushtuka siku nilipoenda kuomba mkopo wa ploti, benki ikataka ritani za miaka mitatu, na ritani zangu zinasema sina kitu wakati stetimenti inaonyesha laki moja na nusu kila mwezi. Mkopo sikupata, na nilikaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu nikirekebisha ritani na kulipa deni kidogokidogo. Sitaki mtu mwingine apitie hiyo, ndio maana naandika haya yote kwa urefu.

Kabla ya hesabu yoyote fungua mkataba wako uone umeitwa nani. Kuna wale walioajiriwa kupitia kampuni ya kati iliyojisajili hapa Kenya, ambayo kazi yake ni kukuandika kwa niaba ya kampuni ya ng'ambo. Hao wana raha, wanapata peislipu ya kawaida, PAYE (ushuru wa mshahara) inakatwa, SHIF (bima ya afya) na NSSF (akiba ya uzeeni) na ushuru wa nyumba za bei nafuu zinakatwa, mwanzo wa mwaka wanapewa fomu ya P9 inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka, na kazi yao ni kufaili tu. Ukiwa huko unaweza kurukia sehemu ya Marekani huko chini. Halafu kuna wale walioandikwa kama kontrakta, yaani wewe ni biashara inayouza huduma kwa kilaenti, na hao ndio wengi. Na wapo wachache walio katikati, mkataba unasema ni mfanyakazi, una likizo na bosi na saa za kuingia, lakini kampuni haina ofisi wala usajili wowote hapa. Kama kampuni haijajisajili kukata PAYE hakuna atakayekukatia, na deni la ushuru halipotei kwa sababu hakuna wa kulikata, linabaki kwako.

Tofauti ya kontrakta na mfanyakazi si jina tu. Kontrakta anatoa gharama za biashara kabla ya kuhesabu ushuru, mfanyakazi kwa kawaida hatoi. Kwa hivyo usijiite kontrakta kwenye ritani wakati mkataba wako unasema wewe ni mfanyakazi, hiyo ni kujitafutia shida.

Sasa upande wa Marekani. Kilaenti wa kule kabla akulipe atakutumia fomu, na hapa ndipo nimeona watu wakijichoma. Fomu yako wewe Mkenya unayekaa Kenya ni W-8BEN. Kuna nyingine inaitwa W-9, hiyo ni ya raia na wakaazi wa Marekani, ukiijaza umesema wewe ni mtu wao na mwisho wa mwaka kampuni itapeleka jina lako kwa IRS, yaani watu wa ushuru wa Marekani, kama mlipa ushuru wa kule. Mtu wa malipo anaweza kukutumia W-9 kwa mazoea tu, juu kontrakta wake wengine wote ni Wamarekani, wewe mrudishie kwa heshima umwambie naomba W-8BEN. Kuijaza si ngumu: jina kama lilivyo kwa pasipoti, uraia Kenya, anwani ya mahali unapoishi kabisa na si sanduku la posta, pale pa nambari ya ushuru ya nchi yako unaweka PIN ya KRA, tarehe ya kuzaliwa, sahihi. Sehemu ya pili inayoongea mikataba ya ushuru unaiacha wazi, kwa sababu Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili kwa mapato ya kazi. Uingereza tunao, Ujerumani tunao, Kanada pia, Marekani hapana. Fomu unairudisha kwa kilaenti, huipeleki IRS, na inakaa mpaka mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliotia sahihi. Ukitia sahihi Machi 2025 inafika 31 Desemba 2028, kwa hivyo andika hiyo tarehe mahali.

Kwa nini hii fomu inatosha? Kwa sababu kwa sheria ya Marekani malipo ya huduma yanahesabiwa yametoka pale kazi ilipofanyiwa, na mgeni aliyefanyia kazi nje ya Marekani hana mapato ya Marekani kwenye hiyo kazi. Hakuna mkataba unaohitajika kwa hilo. Ukiona kilaenti amekukata asilimia 30 huku kazi yote umeifanyia Nairobi, usinyamaze, mwandikie imeili umweleze huduma zote zilifanyiwa Kenya, na kwenye kila invoisi uweke mstari unaosema hivyohivyo. Mimi huo mstari nauweka hata kwa kilaenti wa miaka.

Na majimbo je? Hizi kurasa zinazochanganya watu zimeandikiwa mtu anayeishi jimbo moja na kuajiriwa jimbo lingine. Dada yangu ndiye mfano mzuri, anaishi New Jersey na kampuni yake iko Manhattan. Siku nyingi anafanyia kazi nyumbani, lakini New York ina sheria inasema kama ni wewe umechagua kukaa nyumbani kwa raha yako na si kampuni iliyolazimika kukuweka huko, basi hizo siku bado zinahesabiwa ni za New York. Kwa hivyo analipa New York, halafu akifaili New Jersey anapewa punguzo kwa kile alicholipa upande ule. Pennsylvania, Delaware na Nebraska nazo zina sheria za namna hiyo. Upande mwingine kuna majimbo tisa yasiyotoza ushuru wa mshahara kabisa, Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming, na ndio maana unasikia watu wa kule wakihamia Texas huku kazi ikibaki ileile. Kama una ndugu kule mwambie asiangalie tu anakoishi, aangalie pia jimbo la kampuni lina sheria gani kwa wanaofanyia kazi nyumbani.

Wewe mfanyakazi unayekaa Nairobi na hujawahi kukanyaga hiyo ofisi, hayo hayakuhusu. Lakini kontrakta mwenye kilaenti wa California asikilize hapa. Kwa mtu aliyeajiriwa California inaangalia kazi ilifanyiwa wapi, sawa. Kwa mtu mwenye biashara yake mwenyewe inaangalia mteja alipokea faida ya kazi wapi. Mwaka 2019 kulitoka uamuzi kule kuhusu mwandishi wa filamu aliyekuwa akiishi na kuandikia Arizona kwa kampuni za California, na akaambiwa pesa hiyo ni ya California hata kama hakuvuka mpaka. Kwa upande wa kukatwa pesa kabla ya kulipwa, ile asilimia 7 wanayokata kontrakta wasio wakaazi ni ya kazi iliyofanyiwa ndani ya California, na kilaenti anaweza kukutumia Fomu 587 ujaze ukionyesha kazi yote ilifanyiwa nje. Ijaze uirudishe haraka. Na kama kilaenti wa California ndiye anakulipa sehemu kubwa ya pesa ya mwaka, hapo mtafute mhasibu anayejua mambo ya kule umlipe hata saa moja, hiyo si ya kukisia.

Jambo lingine la haraka, kampuni ikikualika kule wiki mbili mkafanye kazi pamoja, zile siku kiti kimehama. Pesa ya kazi ya siku hizo ni mapato ya Marekani, na majimbo kama New York yanahesabu kuanzia siku ya kwanza. Andika tarehe ya kuingia na kutoka na mji uliokuwa, na uwaulize watu wa malipo mapema watazishughulikiaje.

Haya turudi nyumbani, juu huku ndiko pesa yenyewe inakolipwa.

Viwango vilivyoanza Julai 2023 ni hivi kwa mwezi: shilingi 24,000 za kwanza asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, halafu kutoka hapo mpaka 500,000 ni asilimia 30, kutoka 500,000 mpaka 800,000 ni 32.5, zaidi ya hapo ni 35. Ukishajumlisha unatoa nafuu ya kibinafsi ya 2,400 kwa mwezi. Sheria ya Fedha hubadilisha mambo karibu kila Julai kwa hivyo kabla ya kufaili hakikisha kama kuna kilichoguswa.

Tuchukue mtu anayebaki na 200,000 kwa mwezi baada ya gharama. Zile 24,000 zinatoa 2,400, zile 8,333 zinatoa 2,083, zilizobaki ni 167,667 kwa asilimia 30 ni 50,300. Jumla 54,783, toa nafuu ya 2,400, unabaki na 52,383 kwa mwezi, yaani 628,600 kwa mwaka. Watu wakiona hiyo nambari ya mwaka wanashika kichwa, na ni haki yao, kwa sababu aliyeajiriwa hapa analipa ileile lakini hajawahi kuishika mkononi. Wewe umeishika, umeizoea, umelipia kodi ya nyumba na karo ya watoto, halafu Juni inakuja unatafutwa laki sita.

Kwa hivyo ukichukua kitu kimoja tu hapa chukua hiki, siku dola zinaingia, kabla ya kununua hata tokeni ya stima, hamisha asilimia 30 kwa akaunti ya pembeni isiyo na kadi. Kwa mtu wa laki mbili asilimia 30 inatosha ushuru na SHIF na ushuru wa nyumba. Ukiwa juu sana ya hapo ongeza kidogo. Na hesabu yako iwe ya shilingi kwa bei ya Benki Kuu ya siku pesa ilipoingia, weka jedwali rahisi: tarehe, kilaenti, dola, bei, shilingi. Usingoje Juni uanze kutafuta bei ya dola ya Februari.

SHIF ni asilimia 2.75 na kwa mtu asiyekuwa na mwajiri wa kumkatia analipa ya mwaka mzima kupitia SHA, ile mamlaka ya afya ya jamii, isipungue 300 kwa mwezi. Ushuru wa nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5 ya mapato na hauhusu walioajiriwa peke yao kama watu wengi wanavyodhani, tangu sheria ya Machi 2024 unamgusa pia mwenye mapato yake, na unalipwa kabla ya siku ya tisa ya kazi ya mwezi unaofuata. Jambo zuri ni kwamba tangu mwisho wa Desemba 2024 hizo mbili zinatolewa kwanza kwenye mapato kabla ya ushuru kuhesabiwa, kwa mtu wetu wa laki mbili ile 52,383 inashuka mpaka kama 49,833. Akiba ya pensheni iliyosajiliwa nayo inatolewa, mpaka 30,000 kwa mwezi, na mimi naona hiyo ni njia nzuri kuliko zote ya kupunguza ushuru juu pesa bado ni yako.

Kuhusu lini unalipa. Hapa wengi wanaumia bila kujua, wanadhani 30 Juni ndiyo siku ya kulipa. Tarehe 30 Juni ni mwisho wa kufaili ritani ya mwaka uliopita. Kulipa ni mapema. Kama ushuru wako wa mwaka unazidi 40,000 na hukatwi na mtu, unafaa kulipa kwa awamu nne mwaka ukiendelea, 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba, kila moja robo. Mtu wetu wa laki mbili, ambaye ile 49,833 ya mwezi ni kama 598,000 kwa mwaka, atalipa kama 149,500 kila awamu. Unaweza kukadiria mapato ya mwaka huu, ama uchukue ushuru wa mwaka jana uongeze asilimia 10, unachagua iliyo ndogo. Kikibaki kitu unakimaliza kabla ya 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Ukichelewa kulipa ni faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Kwa kontrakta gharama zinasaidia sana lakini lazima ziwe za kazi kweli. Intaneti, kiti cha kulipia kule unakofanyia kazi na wenzako Westlands, programu unazolipia kila mwezi, makato ya benki na ya zile apu za kupokea dola, laptopu unaitoa asilimia 25 kwa mwaka na si yote mara moja. Kodi ya nyumba unayolala na chakula cha nyumbani hapana. Na tangu Januari 2024 gharama ya kununua hapa Kenya bila risiti ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, inakataliwa, kwa hivyo ukinunua laptopu Luthuli Avenue itisha risiti ya eTIMS yenye PIN yako, muuzaji akikuambia bei ni nyingine ukitaka risiti, nenda duka linalofuata. Wewe pia kama mfanyabiashara unafaa kujisajili eTIMS ili utoe invoisi zako, na kwa mtu mwenye invoisi moja ama mbili kwa mwezi ile eTIMS Lite kwenye eCitizen inatosha.

Kuna mtu atakuambia ulipe ule ushuru wa mauzo wa asilimia 3 uachane na haya yote. Huo hauhusu malipo ya huduma za kitaalamu, na kazi nyingi za onlaini ziko hapo, kwa hivyo usiingie kwa sababu ni rahisi. VAT, ule ushuru wa ongezeko la thamani, unajisajili mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, na tangu Julai 2023 huduma inayouzwa nje inatozwa asilimia sufuri, hulipishi kilaenti kitu lakini ritani ya kila mwezi bado inahitajika kabla ya tarehe 20.

Kufaili kwenyewe: ingia iTax, tovuti ya KRA, nenda Returns halafu File Return, chagua ritani ya mkaazi binafsi, pakua ile fomu ya Excel uijazie kwa kompyuta kabisa na si simu. Kontrakta anajaza sehemu ya biashara, faida na hasara, na zile awamu ulizolipa usisahau kuziweka kwa sehemu yake ama utaonekana hujalipa kitu. Mfanyakazi anajaza sehemu ya ajira, na ukikwama pale pa PIN ya mwajiri kwa sababu wa kwako yuko ng'ambo, usiweke PIN ya mtu mwingine hata kama umeambiwa inapita. Beba mkataba na stetimenti uende Times Tower ama Huduma Centre pale GPO asubuhi mapema. Ukimaliza fomu bonyeza Validate, inakupa faili la zip, unalipandisha, unapata risiti. Kulipa unatengeneza PRN, nambari ya malipo, kwa sehemu ya malipo, halafu M-Pesa, Paybill 222222, akaunti ni hiyo PRN. M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja, kwa hivyo deni kubwa lipeleke na PRN yake benki. Makaratasi yote weka miaka mitano.

Na kama tayari umechelewa, ama umekuwa ukifaili sufuri kama mimi? Ule msamaha wa riba na faini ulifungwa 30 Juni 2025, lakini njia bado iko. Ritani unaweza kuirekebisha ndani ya miaka mitano, unaingia iTax unachagua kurekebisha, mwaka kwa mwaka, ukianza na wa zamani. Kuchelewa kufaili ni 2,000 ama asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. Inauma, lakini KRA wakikupata wenyewe na waone ulificha kwa makusudi faini inaweza kufika asilimia 75 ya ushuru uliokosekana. Ukishajua deni lako omba mpango wa kulipa polepole kwa iTax hapohapo, weka kiasi ambacho kweli utaweza kila mwezi, juu ukiruka miezi mpango unavunjika na deni lote linadaiwa mara moja. Mimi niliweka 20,000, mwezi wa kumi na tisa ndio nikamaliza.